Mwalimu Aliyebadilisha Njia

Wanafunzi walimwita Mama Kwa Nini. Jina hilo lilirithishwa mwaka hadi mwaka, na mwenyewe alilijua na kulipenda kimoyomoyo. Ukimwambia kwamba mtoto hujifunza kwa kuiga, atakuuliza kwa nini. Ukimjibu, atauliza tena, kwa upole, kichwa kakiinamisha upande, mpaka uone kwamba ulichodhani unakijua hukuwahi kukijua.

Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na kwa miaka ishirini na minne alikuwa amefundisha falsafa ya elimu chuo kikuu. Jamaa zake hawakupata kuielewa kazi hiyo. Dada yake alikuwa akimtania kila wakikutana: "Yaani wewe unawafundisha walimu kufikiri juu ya kufundisha. Na wewe je, nani anakufikiria?"

Jambo ambalo wanafunzi hawakulijua ni kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa mtu wa kurudi kutoka kituoni kuhakikisha kama mlango ameufunga, na akishafika mlangoni anahakikisha tena kwa kuusukuma kwa bega. Kabla ya kila kipindi aliyapitia maandalizi yake upya, hata ya kile alichokifundisha mara ishirini. Mumewe, mpima ardhi mstaafu, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa na usemi wake: "Mke wangu, siku ukikosa la kuogopa, utaogopa kwa nini umelikosa."

Muhula huo la kuogopa lilikuwepo. Ombi lake la kupandishwa kuwa profesa lilikuwa limevuka vizingiti vyote isipokuwa kimoja, mhadhara mbele ya kamati na watu wote watakaopenda kuhudhuria. Ulipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana. Na uti wa mgongo wa ombi hilo ulikuwa makala moja aliyoichapisha miaka kumi na minane nyuma, makala iliyosomwa karibu katika kila chuo cha ualimu nchini.

Makala hiyo ilianza na kisa. Kulikuwa na mwalimu mmoja kijana, "ninayemfahamu," aliandika, aliyekuwa akifundisha hesabu darasa la tano siku ambayo mkaguzi wa shule alikuja. Mkaguzi ameketi nyuma, kalamu mkononi. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono akauliza: sifuri ukiigawanya kwa sifuri unapata ngapi? Mwalimu hakujua. Jasho likamtoka, na badala ya kusema hajui, akasema, "Kaa chini. Debe tupu haliachi kuvuma." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mtoto yule akaitwa Debe, na wiki tatu baadaye akaacha shule, asirudi tena. Juu ya kisa hicho mwandishi alijenga hoja yake yote, kwamba neno moja la mwalimu, likitoka mahali pa hofu, linaweza kumfungia mtoto mlango wa shule.

Kitu kimoja tu makala haikukisema. Mwalimu yule kijana alikuwa yeye mwenyewe.

*

Jumatatu, baada ya semina, wanafunzi walipokuwa wakikusanya madaftari, msichana mmoja wa mwaka wa pili alibaki nyuma. Alikuwa na miwani mikubwa na mazoea ya kuchapua maneno kama aliyeachwa na basi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna tatizo?"

"Hapana. Mama anakusalimia sana. Jana nilimwonyesha tangazo la mhadhara wako, lile lenye picha. Akaitazama, akaitazama, akasema, huyu alinifundisha darasa la tano."

Mama Kwa Nini akashika ukingo wa meza. Akauliza jina la huyo mama. Binti akalitaja. Kisha akaongeza huku akicheka, "Lakini anasema shuleni walikuwa wanamwita Debe."

Nje mtu alikuwa anasukuma kiti cha chuma sakafuni, na mlio ule ukamwingia Mama Kwa Nini menoni.

"Anafanya kazi wapi siku hizi?" aliuliza, akashangaa kusikia sauti yake iko sawasawa.

"Hospitali kuu. Fundi cherehani, kitengo cha nguo. Ameshaomba ruhusa ya Alhamisi, anataka kuja kukusikiliza."

"Vizuri. Vizuri sana. Na wewe, makala ya wiki ijayo umeshaisoma?"

"Bado, mwalimu. Nitaisoma Jumamosi."

Makala ya wiki ijayo ilikuwa ile ile.

Aliingia ofisini akafunga mlango, akakaa bila kuwasha taa. Alihesabu. Jumamosi binti ataisoma. Atafika kwenye neno Debe, atasimama hapo. Ataenda kwa mama yake na karatasi mkononi. Na Alhamisi mama mtu atakuwa ameketi ukumbini, mbele ya kamati. Ataulizwa nini? Atasema nini? Kwamba huyu ndiye mwandishi aliyejificha nyuma ya mwalimu "ninayemfahamu", akavuna sifa kwa dhambi yake mwenyewe kama vile ni ya jirani.

Basi akafanya jambo ambalo baadaye liliendelea kumuumiza kuliko mengine. Alifungua kompyuta akamwandikia kiongozi wa darasa kwamba makala ya wiki ijayo imebadilishwa, wasome nyingine. Jibu lilirudi kabla hajainuka kitini: "Mwalimu, tulishatoa nakala wote tangu Ijumaa. Wengine tumeshamaliza. Ni nzuri mno!"

*

Asubuhi ya Jumanne alimimina chai kwenye kisahani, pembeni kabisa ya kikombe, akaendelea kumimina. Mumewe alimshika mkono taratibu, akalichukua birika, akaliweka mbali.

"Mhadhara?" aliuliza.

"Hapana."

Alimweleza. Ilimchukua muda, maana kila alipofika kwenye neno "mimi" ulimi uligoma. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na hili hakuwa amelisema. Alipomaliza alisubiri mume ashangae. Mume akawa anafuta chai mezani kwa kitambaa, pole pole, akifuata kila mchirizi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Ulinisomea ile makala kabla hujaipeleka kwa wahariri. Ukaisoma tena ulipoalikwa kule kwenye kongamano, ukijizoeza hapa sebuleni. Kila ukifika pale pa debe, sauti inakatika. Mtu hamtetemekei mtu baki namna ile."

"Na hukusema kitu!"

"Nilidhani utasema mwenyewe." Akakikamua kitambaa. "Nikawa nasubiri. Mtu wa vipimo hachimbi kabla mwenye shamba hajaonyesha mpaka."

Alitaka kumkasirikia, hasira haikuja. Ilikuja hofu, mpya kabisa: kama huyu alijua, ni nani mwingine aliyejua?

"Nifanye nini?"

"Kamuone. Kabla mtoto hajasoma. Uji huunguza mara moja, mvuke wake huunguza pole pole, na wewe umekaa kwenye mvuke miaka yote hii."

*

Kitengo cha nguo kilikuwa nyuma ya hospitali, mkabala na chumba cha mashine za kufulia. Ungejua umefika kwa joto lake na harufu ya sabuni kali. Ndani mlikuwa na cherehani nne mstari mmoja, na milima ya mashuka: meupe ya wodini, ya kijani ya chumba cha upasuaji, mengine yamechanika katikati yakisubiri kukatwa na kuunganishwa ubavu kwa ubavu ili pale pazima paje katikati.

Mama Kwa Nini alisimama mlangoni. Wiki ile alikuwa hajala vizuri. Alimtambua mara moja, ingawa mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa sasa mama wa miaka arobaini na minne, mnene kiasi, sindano tatu kazichomeka kifuani, tepu ya kupimia shingoni. Ni nyusi zile zile, zilizoinuka kidogo, kama za mtu anayekaribia kuuliza swali.

"Mwalimu!" Fundi aliinuka, pipa la vipande likayumba. "Shikamoo! Jamani, mwalimu wangu huyu! Ingia, ingia, sogeza hayo mashuka ukae. Binti yangu kakusumbua?"

"Marahaba. Hapana. Nimekuja mwenyewe. Nina jambo."

Wenzake wawili walijua kusoma uso. Walikumbuka ghafla kwamba kuna mashuka ya kuchukua upande wa pili, wakatoka.

Alikuwa amejiandalia maneno. Maneno yakatawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Akasema tu, kavu kavu: siku ya mkaguzi, lile swali, lile neno. Akasema kwamba aliandika habari ile, na kwamba hakuandika ni nani. Akasema kwamba tangu siku ile Debe alipoacha shule, hakuna mwaka uliopita bila yeye kuwaza kwamba alimfungia mtoto wa watu maisha kwa neno moja.

Fundi alimsikiliza mikono ikiwa juu ya shuka. Mwisho akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Ulidhani niliacha shule kwa sababu ya debe?"

"Hukuacha kwa sababu hiyo?"

"Mwalimu!" Akacheka, kicheko kifupi, akajizuia. "Samahani. Lakini nyumbani kwetu nilikuwa naitwa majina ambayo kando yake debe lilikuwa heshima. Lile jina mbona lilinipa marafiki? Kabla ya siku ile hakuna aliyenijua. Nikawa Debe, nikawa napiga kelele makusudi, wakawa wananikimbilia kwenye michezo. Nililipenda."

"Basi kwa nini?"

"Mama aliugua. Akalala kitandani miezi mitano. Nilikuwa na wadogo wawili, mmoja ananyonya. Nani angebaki nao?" Aliinua mabega. "Nikabaki mimi."

Mama Kwa Nini aliona kitu kikiinuka kifuani mwake, kikubwa, chepesi, na kabla hajakitambua kuwa ni nafuu, kikamgeukia. Maana kama ndivyo, basi makala yote ilisimama juu ya jambo ambalo halikutokea. Miaka kumi na minane walimu walikuwa wakifundishwa sababu ambayo haikuwa sababu. Na yeye, mama wa kwa nini, hakuwahi kwenda kuuliza.

"Na lile swali," fundi akasema, "jibu lake ulishalipata?"

"Halina jibu. Hata wanahesabu wenyewe wanasema halina."

"Basi si ungesema hivyo tu." Hakusema kwa ubaya. Alichukua mkasi, akakata uzi uliokuwa unaning'inia, akauweka chini mkasi.  Mashine za kufulia zilisikika zikizunguka upande wa pili wa ukuta.

"Lakini mwalimu, kwa kuwa umekuja na unasema ukweli, na mimi nikuambie wangu. Kuna kitu kiliniuma, ila si hicho."

"Niambie."

"Nyumba yetu ilikuwa njiani kwako. Unaikumbuka? Ile yenye mlango wa bluu, karibu na bomba. Ulikuwa unapita kila asubuhi na mkoba wako wa kahawia. Nilipobaki nyumbani, wiki ya kwanza nilikuwa nasimama dirishani na mdogo wangu mgongoni. Najisemea, leo mwalimu ataniona. Ataingia aulize, huyu mtoto mbona haji shule? Mama yangu alikuwa anawaogopa walimu kuliko polisi. Ungegonga tu, angetafuta namna. Angemwita shangazi. Siku ya kwanza ukapita. Ya pili ukapita. Wiki ya pili," akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, kama njia yenyewe iko pale, "ukaacha kupita kabisa. Nikasema labda amehamishwa."

Mama Kwa Nini hakuwa amehamishwa. Alikumbuka, na kumbukumbu ile ilimjia nzima, pamoja na vumbi lake. Alikuwa amemwona mtoto dirishani. Alidhani mtoto anamtazama kwa chuki. Aibu ikamkaba, na Jumatatu iliyofuata akabadilisha njia, akawa anazungukia nyuma ya ghala, dakika kumi zaidi kila siku, mwaka mzima, mpaka alipoondoka kwenda masomoni. Hilo hakuliandika popote. Alikuwa hata amelisahau, jinsi mtu anavyosahau kitu alichokizika mwenyewe.

"Sikuhamishwa," alisema. "Nilikuwa nakukwepa wewe."

 Macho ya fundi yalijaa maji, akayafuta na kona ya shuka la kijani, akaona alichofutia, akalitupa kwenye pipa la kurudi kufuliwa. "Haya," akasema. "Haya. Basi sasa najua."

Alipoinuka kuaga, mwalimu alianza kusema kwamba Alhamisi ataomba radhi mbele ya watu wote. Fundi akainua mkono.

"Usiniombe radhi ukumbini, tafadhali. Nitaona haya, na gauni nimeshalishona. Sema ilivyokuwa, basi. Binti yangu nitamwambia mimi mwenyewe leo. Asije akasoma peke yake."

*

Hofu haikuisha eti kwa sababu ameamua. Ilizidi. Jumamosi alimpigia mkuu wa idara, mtu aliyemsukumia ombi lake kwa miaka miwili, akamweleza. Mkuu wa idara alipumua kwenye simu.

"Dada, unataka kujimwagia maji ya moto mwenyewe? Badilisha mada. Zungumzia mitaala. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na mwenye kisa ameshajua."

"Kamati haipendi mshangao."

"Najua."

Jumatatu binti mwenye miwani hakuja semina. Mama Kwa Nini alifundisha makala yake mwenyewe mbele ya kiti kitupu, akiliangalia dirisha, akipoteza sentensi katikati. Jumanne alirudi nyumbani mara mbili kuangalia mlango. Jumatano alirudi mara nne.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kamati ya watu watano mstari wa mbele, mafaili magotini. Fundi aliketi mstari wa sita, gauni la zambarau lenye mshono usio na kasoro, na binti yake pembeni, mikono kaifunga kifuani. Mume alisimama nyuma karibu na mlango ingawa viti vilikuwepo.

Alisoma kurasa mbili za mwanzo kama zilivyoandikwa. Kisha akaziweka chini. Akasema kwamba mwalimu aliyemfahamu alikuwa yeye. Minong'ono ikaanza. Akasema si hilo tu: kwamba sababu aliyoitoa haikuwa kweli, kwamba mtoto hakufungiwa mlango na neno. Mlango ulikuwa wazi wiki nzima na mwalimu akapita mbele yake. "Niliandika juu ya kosa nililoliona," alisema, "kwa sababu lilikuwa na kelele. Lile la kimya sikuliona. Na sikuuliza. Nimekula mshahara wa kuuliza miaka ishirini na minne, na mtu mmoja niliyepaswa kumuuliza sikumuuliza."

Mzee mmoja wa kamati, mwenye sauti nyembamba, aliomba kuuliza. "Kwa hiyo, daktari, makala tunayoitegemea kukupandisha ni ya uongo?"

"Sehemu yake, ndiyo."

"Sehemu ipi?"

"Ile inayosema mtoto aliondoka kwa nini."

"Hiyo si ndiyo makala yenyewe?"

 Aligeuka kuwatazama watu mia na zaidi waliokuwa wakimsikiliza. "Nadhani ndiyo," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyezomea. Watu walitoka wakiongea chini chini. Fundi alimpita mlangoni, akamshika kiwiko, akakibana, akaenda zake kuwahi zamu ya jioni. Binti alipita bila kumtazama.

*

Barua ya kamati ilikuja baada ya wiki saba, na kwa wiki saba hizo Mama Kwa Nini hakulala usingizi wa maana. Ombi halikupita. Alitakiwa kupeleka masahihisho kwa jarida lililochapisha makala, na anaweza kuomba tena baada ya miaka mitatu. Jarida lilichapisha masahihisho, ukurasa mmoja na nusu, mwishoni kabisa. Vyuo viwili viliiondoa makala kwenye orodha. Vingine viliendelea kuifundisha kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko vile viwili. Aliandikia kila chuo barua, na nyingi hazikujibiwa.

Binti alirudi semina wiki ya tatu. Alikaa nyuma, hakuongea mpaka mwisho wa muhula. Siku moja tu, wakiwa peke yao kwenye ngazi, alisema, "Mama amekusamehe. Mimi bado."

"Sawa," Mama Kwa Nini alijibu. Usiku kucha alijuta kwamba alisema sawa.

Katika insha ya mwisho ya muhula, binti aliandika kuhusu nani ana haki ya kusimulia kisa cha mtoto. Kurasa kumi na nne. Hakutaja jina la mtu, lakini kila ukurasa ulikuwa unamvua mwalimu wake nguo pole pole. Ilikuwa insha bora kuliko zote alizosahihisha kwa miaka mingi. Aliogopa kumpa alama za juu, ionekane anajinunulia msamaha. Aliogopa kumpa za chini, ionekane kisasi. Siku mbili ilikaa mezani. Mwisho akampelekea mhadhiri mwenzake aisahihishe, bila kumwambia lolote. Ikarudi na alama za juu kabisa, na mstari mmoja: huyu mtoto nani?

Aliandika maoni pembeni ya ukurasa wa tisa tu. Hapo binti alikuwa amesema kwamba mtu aliyemkosea mtoto hana haki ya kuandika juu yake hata kidogo, hata akisema ukweli wote. Pembeni, kwa penseli, Mama Kwa Nini aliandika: *Kwa nini?*

Kesho yake, saa tano asubuhi, mlango wa ofisi uligongwa kwa nguvu. Binti aliingia, insha mkononi, miwani imeteleza hadi ncha ya pua.

"Shikamoo. Hili swali lako la ukurasa wa tisa, mwalimu, si la haki."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Ngoja nikuambie kwanza."

Alimwambia. Alimwambia kwa saa nzima na dakika kumi, na katikati yake, bila kujitambua, akakaa.